Tabibu wa nafsi na majonzi ya nyumba zetu

  

Ijumaa ya leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi za Izigo, na katika Muleba na Bukoba kwa jumla, husemwa kwa kunong'ona. Mtu akivunjika mguu, majirani hukusanyika, hutafutwa gari, na kabla ya Adhuhuri amekwisha kufikishwa hospitali. Lakini nafsi ikivunjika, mlango hufungwa. Mgeni akiuliza hali ya mgonjwa, huambiwa kuwa amepumzika. Miezi hupita, na hata miaka, na mwenye maradhi yuko chumbani, halali usiku, hali chakula, hazungumzi na watoto wake.

Desturi ya kwetu ni kumzika marehemu kibanjani, chini ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni. Siku za matanga nyumba hujaa watu. Kuni zinapasuliwa, ndizi zinapikwa, na dua zinasomwa. Kisha watu hurejea makwao. Anayebaki ni mjane, ambaye kila alfajiri akifungua mlango kwenda kuchota maji ya udhu, kitu cha kwanza anachokiona ni kaburi la mumewe. Baada ya mwaka mzima, akiwa bado analia, ndipo maneno yanapoanza. Huyu atasema ana majini. Yule atasema imani yake ni haba. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye huruma kuliko wote, atasema avumilie tu.

Siku hizi pametokea jibu la nne, nalo ni kwamba apelekwe kwa tabibu wa nafsi. Huyu ni mtaalamu aliyesomea kutibu kwa mazungumzo na mazoezi ya fikra, tofauti na daktari wa magonjwa ya akili ambaye huandika pia dawa. Jibu hili limezua maswali mawili ambayo waumini wengi wanayo vifuani. La kwanza: Je, Muislamu anayekwenda kwa mtu wa namna hiyo amepungukiwa na tawakkul? La pili: Je, mtaalamu huyo, kwa elimu yake iliyotoka Ulaya na Marekani, hatamtoa mgonjwa katika dini yake?

Maswali haya ni ya haki. Tutayajibu kwa kutazama kwanza mwongozo wa dini yetu, kisha maisha na njia ya mmoja wa matabibu wa nafsi waliojulikana sana katika umma huu, na mwisho yale yaliyotokea hapa hapa kwetu Muleba na kwa jirani zetu.

HUZUNI SI UHABA WA IMANI

Katika Surat Yusuf, aya ya 84 mpaka ya 86, tunasimuliwa habari za Nabii Yaaqub (A.S.) baada ya kumkosa mwanawe. Alihuzunika mpaka macho yake yakaingia weupe. Watu wa nyumbani kwake walimlaumu, wakaona kwamba atajiangamiza kwa kumkumbuka Yusuf. Naye akawaambia kwamba masikitiko yake anayapeleka kwa Mola wake. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba huyu aliyelia hivyo ndiye aliyesema katika sura hiyo hiyo kuwa lake ni subira njema. Basi machozi na subira vilikaa pamoja katika kifua kimoja cha Mtume wa Mwenyezi Mungu, wala kimoja hakikukifukuza kingine.

Na Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alifiwa na mkewe bibi Khadija na ammi yake Abu Talib katika mwaka mmoja, na wanahistoria wa Sira wakauita mwaka huo Mwaka wa Huzuni. Alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya masahaba. Alikuwa akimwomba Mwenyezi Mungu amkinge na hamm na hazan. Wanazuoni wakaeleza kwamba hamm ni wasiwasi wa lile linalotazamiwa kuja, na hazan ni huzuni ya lile lililokwisha kupita. Tena katika Sahih Bukhari imepokewa kuwa bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiamrisha wafiwa wapikiwe talbina, yaani uji wa shayiri, kwa sababu alimsikia Mtume akieleza kuwa huutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Mafunzo ya Mtume kwa mfiwa yalikuwa ni dua, na pamoja na dua, bakuli la uji.

Aliyeulizwa kama watu wajitibu, akajibu wajitibu kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake, hakuyatenga maradhi ya mwili na ya nafsi. Kwa hiyo swali la kwanza lina jibu jepesi: kutafuta tiba ni katika tawakkul yenyewe. Swali la pili ndilo linalohitaji maelezo zaidi.

MTOTO WA RUFAA

Mwaka 1932, katika mji wa Rufaa ulioko kando ya Mto Nile wa Buluu nchini Sudan, alizaliwa mtoto aliyeitwa Malik. Baba yake alikuwa Sheikh Babiker Badri, mtu aliyepata kuwa askari katika jeshi la Mahdi, na ambaye mwaka 1907 alifungua shule ya wasichana katika mji huo huo wakati ambapo wengi waliona jambo hilo ni la aibu. Mtoto huyu basi alikulia katika nyumba iliyozoea mambo mawili kwa pamoja: kushika dini kwa nguvu, na kutoiogopa elimu.

Malik Badri alisoma Chuo Kikuu cha Marekani mjini Beirut, akahitimu shahada ya kwanza na ya pili katika miaka ya 1950, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwaka 1961. Baadaye alijifunza kutibu wagonjwa katika Hospitali ya Middlesex mjini London, ambako wakati huo ilikuwa ikiendelezwa tiba mpya ya kubadili mazoea ya hofu. Alifundisha na kutibu katika nchi mbalimbali, zikiwemo Sudan, Morocco, Saudi Arabia na Malaysia. Alifariki dunia Februari 2021, akiwa na umri wa karibu miaka 89. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jambo lililompa jina ni hotuba aliyoitoa Marekani mwaka 1975 mbele ya wasomi Waislamu wa elimu ya jamii. Aliichukua hadithi mashuhuri ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) anautahadharisha umma na kuwafuata waliotangulia hatua kwa hatua, hata lau wangeingia katika shimo la kenge. Badri akasema kwamba wataalamu wa saikolojia Waislamu wamo ndani ya shimo hilo. Wamebeba nadharia za Sigmund Freud na za wengineo kama zilivyo, pamoja na mitazamo yake juu ya mwanadamu asiyekuwa na roho wala Muumba, wakamwekea mgonjwa wa Khartoum au wa Cairo kana kwamba amezaliwa Vienna. Hotuba ile ilikua ikawa kitabu kilichotoka mwaka 1979, ambacho mpaka leo husomwa katika vyuo vya Kiislamu.

Lakini wako wanaomnukuu nusu tu. Badri hakusema elimu hiyo itupwe. Alitofautisha kati ya falsafa ya mtu na zana yake. Namna ya kumfundisha mwenye hofu kutuliza pumzi zake, au namna ya kumsogeza kidogo kidogo kwenye kile anachokiogopa, ni zana. Nayo hutumika kama kisu cha mpasuaji kinavyotumika, bila ya kumuuliza aliyekifua dini yake. Kinachohitaji kuchujwa ni jibu la maswali makubwa: mwanadamu ni nani, anaishi kwa ajili gani, na nini kinachoupa moyo utulivu.

HAZINA YA BALKHI

Na katika kuchimba, Badri aliikuta hazina ya zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa kiasi cha mwaka 850 katika eneo la Balkh, ambalo leo limo Afghanistan, na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Sehemu moja aliiweka kwa ajili ya mwili, na sehemu ya pili, yenye milango minane, kwa ajili ya nafsi. Mswada wake ulihifadhiwa Istanbul, na mwaka 2013 Badri alitoa tafsiri ya Kiingereza ya sehemu hiyo ya nafsi pamoja na maelezo yake.

Balkhi alizitaja shida za nafsi moja moja: hasira, hofu na fazaa, huzuni, na wasiwasi unaorudiarudia. Huzuni aliigawa mara mbili. Iko inayojulikana sababu yake, kama kufiwa au kupoteza mali. Hii hutibiwa zaidi kwa mazungumzo na fikra. Na iko inayomshika mtu bila ya yeye kujua imetoka wapi; hii aliiona ina mizizi katika mwili, na akataka mwili nao utibiwe. Alishauri kwamba kama mtu mwenye afya anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura, vivyo hivyo aweke akilini fikra njema za kumsaidia siku atakayopatwa na mshtuko. Na mwenye kuandamwa na wasiwasi alimhimiza asijitenge peke yake.

Haya yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na yalikuwa na watu wa kuyatekeleza: hospitali kubwa aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo miaka ya 1284 na 1285 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, na walitunzwa humo kama wagonjwa wengine. Basi anayesema kwamba tiba ya nafsi ni jambo la kizungu, historia haiko upande wake.

NJIA ANAYOIPITA NA MGONJWA

Sasa tabibu wa nafsi aliyefuata njia hii hufanya nini hasa? Tuchukue mfano wa kwetu, ingawa mtu mwenyewe ni wa kufikiriwa tu.

Wakazi wa Kagera wanaikumbuka meli ya MV Bukoba, ambayo iliondoka Bukoba, ikapitia bandari ya Kemondo, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikazama karibu na Mwanza pamoja na mamia ya abiria. Tuseme yuko mzee wa Izigo aliyempoteza ndugu yake humo. Tangu siku ile hawezi kupanda chombo cha majini. Hata akisikia honi ya meli moyo humwenda mbio, jasho humtoka, na usiku huota maji. Watu wa nyumbani wamezoea kumwambia aache woga.

Tabibu hatamwambia hivyo. Kwanza atamsikiliza. Kikao cha kwanza, na pengine cha pili na cha tatu, vitakuwa vya kumwacha mzee aeleze habari ambayo kwa miaka mingi hakuna aliyetaka kuisikia mpaka mwisho. Pili, atamweleza kinachotokea mwilini mwake, ili ajue kwamba moyo kwenda mbio si kichaa. Tatu, atamfundisha kujituliza: kuvuta pumzi polepole, kulegeza viungo, na kwa Muislamu, kuiambatanisha pumzi na dhikri anayoipenda. Akishazoea, ndipo watapanda ngazi pamoja. Leo ataifikiria bandari ya Kemondo akiwa ameketi kitini, atulie. Wiki ijayo atazame picha ya meli, atulie. Kisha aende ufukweni pamoja na mwanawe. Kisha aguse mashua iliyofungwa. Kila ngazi hupandwa baada ya ile ya chini kuwa nyepesi.

Njia hii ya ngazi ilienezwa na daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini katika miaka ya 1950. Badri aliitumia kwa wagonjwa wake katika miaka ya 1960, lakini hakuridhika na mazoezi ya mwili peke yake. Aliongeza mazungumzo juu ya maana: mgonjwa anayaelewaje yaliyomfika, anamdhaniaje Mola wake, anajilaumu kwa nini. Mzee wetu huenda haogopi maji tu. Huenda kwa miaka yote hiyo anajilaumu kwamba yeye ndiye aliyemkatia ndugu yake tiketi. Hapo ndipo imani ya qadar, ikielezwa kwa upole na mtu aliyemsikiliza kwanza, huwa dawa. Ikisemwa barazani kwa haraka na mtu ambaye hakusikiliza, maneno ni yale yale, lakini hupita juu ya kidonda bila kukigusa.

Hili ndilo ninalotaka tulishike katika makala hii yote. Tabibu wa nafsi hufanikiwa anapomkuta mgonjwa pale alipo: katika lugha yake, katika imani yake, na katikati ya jamaa zake.

KASHASHA NA NSHAMBA

Kwamba jambo hili si la mbali na sisi, tukumbuke yaliyotokea katika wilaya yetu wenyewe. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya wamisionari kijijini Kashasha, wanafunzi watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Wengine wakafuatia, mpaka wakafika 95 kati ya wanafunzi 159. Wapo waliocheka na kulia kwa saa chache, na wapo walioendelea kwa siku nyingi. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, hali ile ikafika Nshamba, ambako katika miezi ya Aprili na Mei watu 217 walipatwa. Madaktari Rankin na Philip waliochunguza na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963 hawakuona sumu katika chakula wala maradhi yaliyoelezea jambo lile. Walihitimisha kuwa ni nafsi zilizolemewa kwa pamoja.

Dunia huisimulia habari hiyo kama kichekesho. Kwa mzazi si kichekesho. Watoto waliokuwa mbali na mama zao, chini ya nidhamu kali, katika miezi ya mwanzo ya uhuru ambapo kila kitu kilikuwa kikibadilika, hawakuwa na mahali pa kusema kuwa wamelemewa. Ulimi ulipokosa nafasi, mwili ukasema.

Nshamba hiyo hiyo, miaka 35 baadaye, ikatoa mfano wa kinyume chake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa wetu wa Kagera, mwaka 1983, na kufikia miaka ya 1990 vijiji vya Muleba vilikuwa vimejaa yatima. Misaada iliyokuja ilikuwa ya madaftari, sare na unga. Mwaka 1997 ulianzishwa Nshamba mradi ulioitwa Humuliza, neno ambalo kila Mhaya analijua: kufariji, kuliwaza. Mradi huo, ulioungwa mkono na shirika la terre des hommes la Uswisi, ulishughulikia majonzi ya mtoto. Walimu walifundishwa kumtambua mwanafunzi aliyefiwa, kutomchapa kwa kusinzia darasani, na kumpa nafasi ya kuzungumza juu ya wazazi wake. Yatima wenyewe wakaunda jumuiya yao, Vijana Simama Imara, wakachagua viongozi wao na kusaidiana. Na mwaka 2003 ukafuatia mpango wa Kwa Wazee, wa kuwapa posho ndogo ya kila mwezi mabibi waliokuwa wakilea wajukuu.

Hapa pana hekima mbili. Ya kwanza, waliotoa faraja walikuwa watu wa pale pale, kwa lugha ya pale pale, wala hawakuwa madaktari. Ya pili, bibi asiyekuwa na chumvi wala sabuni nyumbani hawezi kufarijiwa kwa maneno matupu. Talbina ya bibi Aisha (R.A.) na posho ya Nshamba zinafundisha somo moja.

NG'AMBO YA MPAKA

Ukivuka mpaka wa Mutukula unaingia Uganda, katika nchi ya Rakai na Masaka, ambayo ilipigwa na maradhi yale yale. Huko watafiti, akiwemo Paul Bolton, walianza kwa kuwauliza wanavijiji kwanza: maradhi haya yamewafanya nini nyoyoni mwenu? Wakajibiwa kwa maneno ya Kiganda, kujichukia na kujihurumia, ambayo yalifanana sana na kile ambacho vitabu vya kitaalamu hukiita sonona.

Kisha mwaka 2002 wakajaribu tiba ya mazungumzo katika vikundi, kwa vijiji 30. Wanaume walikaa na wanaume, na wanawake na wanawake. Kiongozi wa kila kikundi alikuwa mtu wa sehemu hiyo, wa jinsia ile ile, aliyefundishwa kwa wiki mbili. Walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Mazungumzo yao yalihusu mambo ambayo hakuna nyumba isiyoyajua: kufiwa, ugomvi na watu wa karibu, na mabadiliko makubwa ya maisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vilivyopata tiba, walioonekana kuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji ambavyo havikuipata, walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7.

Tarakimu hizi zinamjibu anayedai kwamba tiba ya mazungumzo ni ya matajiri wenye viti vya ngozi. Ilifanyika chini ya miti, na watu wa kawaida, karibu na sisi kuliko Dodoma ilivyo karibu na sisi.

HOJA ZA WENYE SHAKA

Zimebaki hoja tatu ambazo waumini huzitoa, nazo zastahili jibu.

Wanaulizia ruqya. Ruqya ya Qur'ani na dua zilizothibiti ni katika Sunna, wala hakuna tabibu mwenye akili atakayemkataza mgonjwa kusomewa. Tunachokikataa ni yule anayempiga mgonjwa fimbo kwa madai ya kumtoa jini, anayemfunga minyororo, anayemwambia aache dawa za hospitali, au anayedai mbuzi wawili kwa kila kisomo. Huyo si mwenye kutibu. Ni mwenye kudhulumu. Anayesoma ruqya na anayesikiliza kitabibu wanaweza kumhudumia mtu mmoja, kila mmoja kwa nafasi yake.

Wanaulizia siri. Muislamu hufundishwa kujisitiri na kuwasitiri wengine, kwa hiyo huona vigumu kumfungulia mgeni kifua. Sitara hiyo haivunjwi na tiba. Maadili ya kazi yanamlazimisha tabibu kutunza anayoyasikia, na dini inamlazimisha zaidi, kwa kuwa mazungumzo hayo ni amana. Asiyeweza kuitunza hafai kazi hiyo, akiwa na shahada kumi au akiwa imamu wa msikiti.

Wanaulizia khalwa, yaani mwanamke kukaa faraghani na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Wana haki kuuliza. Vikundi vya Rakai vimeonyesha njia, na mlango ulioachwa wazi au mtu wa jamaa aliyeketi barazani ni njia nyingine. Isiwe hoja hii sababu ya kumnyima mama tiba. Iwe sababu ya kuwasomesha binti zetu kazi hii, kama Sheikh Babiker alivyowasomesha mabinti wa Rufaa.

TUFANYE NINI

Baba, mama, tusingoje mpaka mambo yaharibike. Mtu wa nyumbani akipitisha wiki mbili au zaidi hana hamu na lolote, usingizi umemhama au umemzidi, chakula hakipiti, sala alizozipenda zimemwia nzito na anasema yeye ni mzigo kwa watu, huyo ni mgonjwa, na hukumu ya mgonjwa ni kutibiwa. Kaeni naye. Mwulizeni, kisha mnyamaze mumsikilize. Maneno ya subira yaje baadaye.

Akitaja kifo chake mwenyewe, msimkemee kwa kumtajia moto. Mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii fikra hiyo, bali humfungulia mlango wa kusema. Msimwache peke yake, na dawa za kuulia wadudu wa shambani ziondolewe nyumbani. Kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo anayesikia sauti zisizokuwepo, au aliyepotewa na fahamu za mambo yalivyo. Huyu mazungumzo pekee hayamtoshi, anahitaji daktari na dawa. Hospitali ya mkoa iko Bukoba, na Bugando ya Mwanza ina idara ya magonjwa ya akili.

Maimamu na walimu wa madrasa, sisi ndio tunaobishiwa hodi mwanzo. Tujifunze kusikiliza kabla ya kutoa hukumu, tujue mpaka wa elimu yetu, na tusione haya kumwambia muumini: haya nimekusomea, na sasa nitakusindikiza kwa daktari. Na kamati za misikiti ziangalie matanga. Siku tatu za kwanza nyumba ya mfiwa haikosi watu. Aandikwe mtu wa kubisha hodi siku ya arobaini, na mwezi wa sita, na baada ya mwaka, mkononi ana kibuyu cha uji na wakati wa kutosha wa kukaa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi, awalipe kheri wanaowasikiliza, awarehemu waliotutangulia walio chini ya migomba yetu na waliobaki katika maji ya ziwa letu, na atukinge sisi na watoto wetu na hamm na hazan. Amin.

Wabillahi tawfiq.